Ukuta wa Jiko la Tupokigwe

Tupokigwe alishika pindo la kanga yake, akalitemea mate, akaanza kufuta alama ya chaki ambayo fundi alikuwa ametoka kuichora ukutani.

"Shemeji, nitaichora tena," alisema fundi Kalinga, bila hasira. "Ukuta huu unaondoka kesho asubuhi. Mwenye nyumba ndiye kasema."

Mwenye nyumba, yaani Gwakisa mume wake, alikuwa akipima sakafu kwa hatua zake ndefu. Aliendesha lori kati ya Tunduma na Dar, na huko njiani alikuwa ameiona nyumba yenye jiko wazi: mama anakaanga maandazi huku anapiga soga na wageni sebuleni. Tangu siku hiyo hakutulia. Lile jiko la moshi uani alishalibomoa, mtungi wa gesi alishaununua, na maboksi ya marumaru yalikuwa yamejazana kila kona. Kilichobaki ni ukuta kati ya jiko na sebule.

"Basi weka hata pazia," Tupokigwe aliomba.

"Pazia la nini tena? Jiko wazi ni jiko wazi."

"Na Baba je?"

Hapo ndipo penye shina la jambo. Kwa Wanyakyusa wa kwao, mkwe wa kike na baba mkwe hawatazamani usoni. Akisikia mzee anakuja, anajificha. Wakikutana njiani, anajifunika kanga na kuingia hata migombani. Wengi siku hizi wameacha. Tupokigwe hakuacha. Hata jina la mzee, Anania, hakulitamka. Siku moja zamu yake ya kusoma neno kanisani iliangukia mahali penye jina hilo, akakohoa mpaka mstari ukapita, na waumini wakampa pole ya kifua.

Cheka ukitaka, lakini alikuwa na sababu. Mimba yake ya kwanza iliharibika wiki ileile aliyogongana na mzee uso kwa uso kwenye bomba la maji kule kijijini, na mashangazi hawakuhitaji daktari wa kuwaeleza kwa nini. Sasa alikuwa na nyingine, tumbo limeshaonekana. Na mzee, baada ya kufiwa na mkewe, alikuwa amehamia kwao hapa Uyole. Alishinda sebuleni kutwa, redio mapajani. Siku hizi hata kanisani haendi, anasingizia magoti.

Kila mlo Tupokigwe aliweka chakula cha mzee kwenye stuli mlangoni, akagonga ukuta, akakimbia. Baadaye vyombo alivikuta palepale, vitupu. Gwakisa alikuwa safarini wiki nyingi kuliko alizolala nyumbani, kwa hiyo hao wawili waliishi hivyo, chini ya bati moja, bila kuonana.

"Karne gani hii, Tupo?" Gwakisa alisema. "Baba ni mzee wa kanisa. Hajali mambo hayo."

"Basi kamuulize."

"Nimuulize mimi? Mtoto amuulize baba yake habari za mkwewe?"

Kalinga alicheka kidogo. "Kwetu Ipogolo wakwe tunawaheshimu sana, shemeji, ila heshima yenyewe hatuijengi kwa tofali."

"Kwenu hamkunisaidia kuzika mwanangu," alijibu Tupokigwe. Fundi akainamisha kichwa, akakunja futi yake ya kupimia.

Wanaume wakaenda Mwanjelwa kutafuta saruji, na mzee alikuwa bado chumbani kwake amejilaza. Tupokigwe akabaki na ukuta. Alilia. Alisali. Alipanga nguo kwenye begi ili arudi kwa mama yake Kyela, kisha akazipangua, maana alijua mama atamuuliza swali moja tu, kama amefukuzwa, na kumrudisha kwa basi la kesho. Lakini mtoto huyu asingempoteza. Kwa huyu alikuwa tayari kufanya lolote, hata la kichaa.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alibandika uji jikoni, akavaa gambuti za mume wake kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, akaiburuta nyundo kubwa ya Kalinga mpaka nyuma ya nyumba, akaifukia kwenye matuta ya viazi. Alijua kabisa kwamba nyundo zinauzwa kila duka. Ila angalau kesho ingesogea mbele kidogo.

Akarudi jikoni kwa kishindo, gambuti zimejaa matope. Kanga ilikuwa imelowa chepechepe, akaivua na kuitundika. Alipogeuka, Mzee Anania alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebuleni, macho yamemkazia usoni.

Kichwani hakuwa hata na kitambaa. Uso hakuufunika, mikono yote miwili ilikwenda tumboni yenyewe. Basi yamekwisha, aliwaza, nimemuua na huyu.

"Gwakisa," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nimesikia gambuti zako. Mkeo yuko mbali?"

Tupokigwe alizitazama gambuti miguuni mwake.

"Huo ukuta uache, mwanangu. Nimekuficha hata wewe, unisamehe. Macho yangu yalikwisha tangu masika yaliyopita, sioni hata mwanga. Ukuta ukitoka, mkwe wangu ataniona ninavyopapasa, huruma itamshinda, atakuja kunishika mkono. Na tumbo lile likiharibika tena, si watasema ni mimi?"

Mzee akapiga hatua mbele kumtafuta mwanawe, mkono ukitafuta njia hewani, moja kwa moja kuelekea kwenye sufuria ya uji iliyokuwa ikitokota.

Tupokigwe akaushika mkono wake.