Lenzi Isiyovuta

“Hii lenzi imekufa,” Itzel alimwambia mwenye duka la kamera, mtaa wa Donceles. “Nazungusha, nazungusha, hakuna kinachokuja karibu.”

“Haijafa, binti. Hiyo haivuti. Ukitaka kitu karibu, kifuate.”

“Ndiyo maana ni ya bei rahisi?”

“Miguu si unayo? Nenda kaijaribu nje.”

Itzel akatoka, akaelekeza kamera yake mpya ng'ambo ya barabara. Baba yake, asiyesema naye tangu Krismasi, alikuwa akiuza tamale, vile viandazi vya unga wa mahindi vya mvuke, pale pale pa siku zote. Ndani ya kamera alikuwa mdogo kama kidole.

Itzel akavuka.

Akaona mvuke wa sufuria, halafu sharubu zenye mvi, halafu punje ya mahindi iliyonasa humo. Akazidi kusogea mpaka picha yote ikawa ukungu.

Akaishusha kamera.

“Umekonda,” baba alisema.