Laini ya Ndugu Wawili

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, taa moja tu iliwaka kwenye mtambo wa zamani wa simu. Wateja wengine walikwishahamishiwa kwenye intaneti. Saa nne kamili fundi alitakiwa akate nyaya.

Akasikiliza laini ile. Mtu alikuwa akikoroma.

"Nani huyo?" bibi mmoja akanong'ona upande wa pili.

"Shikamoo, bibi. Ni fundi, nakata laini."

"Marahaba. Polepole, dada yangu amesinzia kwake. Miaka miwili hatujaonana. Mikonga ya simu hatuiweki chini, usiku na mchana. Akiamka asinisikie, atadhani nimekufa."

"Fundi, mkasi umeota kutu?" msimamizi aliuliza mlangoni, akitazama saa.

Saa nne na dakika saba fundi alivuta kiti, akakaa, mkasi magotini, akisikiliza mkoromo.