Shahada ya Kumlea Tunu

Mashavu alikuwa amelea watoto saba, lakini sheria ilimtaka awe na shahada ya uzamili ya usimamizi wa rasilimali watu ndipo akabidhiwe mjukuu wake yatima, Tunu.

“Saba nimewalea bila cheti!” alimfokea mhadhiri siku ya kwanza chuoni.

“Kwa mwaka uliwatathmini mara ngapi, mama?”

Mashavu akasonya. Akasoma miaka miwili kwa hasira, akafaulu, na Tunu akaletwa nyumbani. Jioni hiyohiyo mtoto alijikwaa kizingitini, akalia akimnyooshea mikono.

“Bibi, nibebe!”

“Kwanza eleza lalamiko lako,” Mashavu alisema, kisha akashtushwa na maneno yake mwenyewe. Alijilaani kimoyomoyo. Hata hivyo mikono yake ilibaki mapajani, ikisubiri mtoto amalize kueleza.