Maji Chini ya Mafuta

Nilikinga kikombe cha kioo chini ya bawa la ndege, nikafungulia mafuta kidogo ili niyakague. Yalitoka ya buluu, safi. Kisha chini kabisa ya kikombe pakatulia tone lisilo na rangi, kubwa kama punje ya mahindi. Yalikuwa maji, na maji yakiingia kwenye injini huizima angani.

Abiria wangu wanne walikuwa wameshafunga mikanda.

Wiki iliyopita fundi wetu mzee, tuliyemwita Bwana Subiri, alinichelewesha saa nzima akikagua mafuta. Nilimwandikia bosi kwamba mzee sasa anaona vitu visivyokuwepo. Kwa barua hiyo akaachishwa kazi. Siku anaondoka alinipa mkono, akasema, "Uruke salama, mwanangu."

Niliwateremsha abiria, nikampigia simu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuta maji kwenye mafuta."

"Marahaba. Mengi?"

"Kama punje ya mahindi."

"Basi mengine yapo. Usiruke."

"Mzee, ile barua ni mimi niliyeiandika. Nilikukosea sana."

"Najua. Hayo tutayaongea. Mafuta umejazia wapi?"

"Kwenye tangi letu, asubuhi hii."

"Nani mwingine amejaza hapo leo?"

Rubani mwenzangu alikuwa amejaza kabla yangu. Nilitazama njia ya kurukia, nikaiona tupu. Ndege yake ilikuwa imeondoka dakika kumi zilizopita.

Nikakimbilia redio.