Upinde Laini wa Hezroni

Upinde wa tatu nao Hezroni aliurudisha.

"Huu pia mgumu, baba. Nipe ulio laini kuliko yote."

Mzee Zebedayo alimtazama vizuri. Miaka thelathini alikuwa akichonga pinde uani kwake, hapo Same, na kila aliyekuja kuanza kujifunza alitaka upinde mkubwa uliomshinda hata kuuvuta. Kazi ya mzee ilikuwa kumcheka na kumpa mdogo. Huyu, mtu mzima mwenye mikono ya jembe, alikuwa anaomba wa kitoto.

"Unawinda nini, panzi?"

Hezroni hakucheka. Wala hakukaa. Tangu afike alikuwa akizunguka ua, anasimama, anatazama jua, anazunguka tena.

"Nifundishe kulenga tu. Kazi ni kesho asubuhi."

"Kesho! Shabaha hujifunzi kwa siku moja, mwanangu."

"Hata ya hatua moja?"

Kabla mzee hajajibu, Hezroni alishaokota kaa la moto uliozimika na kuchora mstari kwenye shina la mgomba. "Tuseme hii ndiyo shingo," alisema. Akasimama karibu kiasi cha kuigusa, akavuta upinde wa nne, ule wa kuchezea wajukuu. Mshale ukaingia pembeni ya mstari. Akauchomoa, akarudia. Akarudia tena, jasho likimtiririka, mpaka ukaingia katikati mara tano mfululizo.

Mzee alianza kuingiwa na wasiwasi.

"Naanyu hajambo? Ameshainuka?"

Naanyu alikuwa mke wa Hezroni, binti wa wafugaji wa tambarare, na alikuwa amejifungua siku sita zilizopita.

"Hajainuka. Midomo imekuwa myeupe kabisa. Na kaka yake, Tomaso, amekuja na punda. Anasema watu wa mlimani hatujui kutunza mzazi. Kesho anamchukua, yeye na mtoto." Hezroni alifuta uso kwa kiganja. "Nina nafasi moja tu, baba. Nikikosa, sina mke wala mtoto."

Kisha akatoa mfukoni mshale wake mwenyewe, mfupi. Nyuma ya ncha ulikuwa umeviringishwa uzi mnene, na chuma kilichobaki wazi hakikuzidi urefu wa ukucha.

"Nimeufunga nilivyoelekezwa. Utakaa kwenye upinde huu?"

Zebedayo aliutazama ule uzi. Wawindaji wa sumu hufunga hivyohivyo, sumu isikauke. Na sumu haihitaji upinde wenye nguvu. Mkwaruzo mmoja wa shingo unatosha.

Mwaka wa vita kwisha, upinde aliouchonga na kuuuza ulikuwa umemuua mtu kule Kifaru. Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu, alimweka mahabusu siku arobaini, lakini hizo hazikumuumiza kama kilio cha mjane, ambacho mpaka leo alikuwa akikisikia. Aliapa haitatokea tena. Sasa afanyeje? Akimnyima, Hezroni atapata upinde kwingine. Akienda polisi, atamfungisha baba wa mtoto wa siku sita.

"Utakaa," alisema. "Ngoja nikuwekee kamba nzuri."

Akaingia na upinde ndani. Kwa kisu kidogo akaikata kamba nusu ya unene wake, akaziba mkato kwa nta, akaisugua mpaka hata yeye hakuuona tena. Ikivutwa sawasawa itakatika, hasira zitapoa, na watu wote watabaki hai.

"Chukua, ni zawadi. Usiuvute tena mpaka hiyo kesho, kamba bado mpya."

Hezroni alimshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. "Mungu akuzidishie, baba."

Usingizi ulimpaa mzee. Kulipoanza kupambazuka alipanda mlima mbiombio, akajibanza kwenye migomba nyuma ya nyumba ya Hezroni, tayari kuwaamua kabla hawajashikana kwa visu.

Punda alikuwa ameshapakiwa ngozi ya kulalia. Naanyu alikuwa ameegemea mlango, mtoto kifuani, akitetemeka. Hezroni alisimama katikati ya ua, upinde mkononi. Hatua moja mbele yake alikuwa Tomaso.

Tomaso alikuwa ameinama. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika pembe ya mtamba mwekundu aliyefungwa ukanda shingoni, mshipa umetuna kama kidole. Kwa mkono wa pili alikuwa amekinga kibuyu.

"Mara moja tu, shemeji, kama tulivyokubaliana," alisema. "Ukimpa dada yangu damu ya ng'ombe huyu anywe kwa mkono wako mwenyewe, namwacha kwako."

Hezroni akavuta.

Zebedayo alichomoka migombani akipiga kelele, lakini sauti ya kwanza waliyoisikia wote ilikuwa ya kamba ikikatika.