Mtu wa Chini

Hilaria, jirani wa Eliufoo, anasema, na yuko tayari kuapa mbele ya padri wake wa Kilema, kwamba msumeno wa Anaeli unapasua mbao bila mtu wa chini wa kuuvuta. Alikuwa anapita na maji kichwani. Akamwona Anaeli amesimama juu ya gogo, juu ya shimo lake la kupasulia, anavuta msumeno juu, halafu msumeno unashuka wenyewe. Juu, chini, juu, chini. Akaita, "Hodi shimoni!" Shimo halikujibu.

"Nikaangusha ndoo," alimwambia Eliufoo. "Maji yote! Na huyo ndiye unayetaka kumpa binti yako?"

"Nani kasema nataka? Ningetaka, ningemwambia ajenge nyumba ya mbao?"

Kijiji kizima kilicheka siku Eliufoo alipotoa sharti hilo. Nyumba ya mbao, na Anaeli hana mti! Miti minene ya msituni ni mali ya Mwingereza. Ukiigusa, askari wa msitu anakufuata mpaka kitandani. Kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, Anaeli alikuwa na migrivea tu, ile ya kutilia kahawa kivuli, haizidi unene wa paja. Mwenzake wa kupasua naye alishahamia Sanya Juu kwenye mashamba ya ngano. Na siku zilikuwa na mwisho: masika yakikuta nyumba haina kuta zote nne, Eunike ataolewa na karani wa stesheni ya Moshi, mwenye baiskeli na saa ya mkononi.

"Moshi mbali," alisema Esther, mke wa Eliufoo, akakaza kanga aliyoiazima kwa binti yake, akaendelea kumenya ndizi.

Anaeli akaanza kukata migrivea yake. Gogo dogo huviringika, kwa hiyo alilichonga upande mmoja kwa tezo, akalibana juu ya boriti nene litulie. Akapiga mstari kwa uzi uliochovywa kwenye mkaa. Akatoa ubao upande huu, kisha upande ule, maana mti mchanga ukiupasua upande mmoja tu, unajipinda. Kila gogo lilitoa mbao mbili au tatu, upana wa kiganja na vidole viwili. Alizipanga kivulini, vijiti katikati, zikauke. Fungu likafika magotini. Likafika kiunoni. Waliocheka wakaanza kupita pale wakijidai wanatafuta kuku.

Eliufoo naye alimvizia kijana nje ya kanisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani anakuvutia msumeno huko chini?"

"Kusema kweli, baba, uso wake sijauona."

Eliufoo hakuwa mtu wa kuamini mambo ya majini. Msumeno ule ulilia siku za soko tu, na siku za soko Eunike ndiye aliyekwenda kukata majani ya ng'ombe, akachelewa kurudi. Nyumbani hapakuwa na wa kumchunga, kwa kuwa Esther alikuwa sokoni tangu asubuhi. Tena biashara yenyewe ilikuwa mbaya. Mara mbili alirudi na mkungu uleule aliotoka nao, macho mekundu, anakohoa.

"Soko bovu," alisema. "Vumbi tupu."

Eliufoo hakumweleza mkewe alichokuwa anakiwaza. Angemtetea tu yule binti. Yeye alishajua la kufanya: Eunike akikutwa shimoni na kijana ambaye hajamtolea mahari, habari ya uchumba imeisha, na hata mchungaji hatakuwa na la kusema.

Siku ya soko iliyofuata, Eunike alitoka na kamba yake ya majani. Esther alitoka na mkungu wake. Mawingu yalikuwa yameshaifunika Kibo yote, mvua haiko mbali. Jua lilipopanda, msumeno ukaanza: krrr, krrr.

Eliufoo alimpitia Hilaria awe shahidi. Alimkuta ameshajifunga kanga zamani, yuko mlangoni anamsubiri.

"Kama ni jini, mimi nakimbia," Hilaria alimnong'oneza njiani. "Mbio za kweli, shemeji. Usiseme sikukuambia."

"Nyamaza, tutasikika."

Walitokea katikati ya migomba. Anaeli alikuwa juu ya gogo, jasho linamtiririka, macho ameyaelekeza mlimani. Chini hatazami hata kidogo. Ukingoni mwa shimo kulikuwa na kanga ya Eunike, ile ya maua mekundu, imekunjwa vizuri. Na mle shimoni, ndiyo, mtu alikuwapo: amejifunika gunia kichwani, mikono miwili imeshika mpini, unga wa mbao unammwagikia kama mvua.

Eliufoo alimwangalia Hilaria, akahakikisha anaona. Kisha akajaza kifua.

"Leo nimekushika! Eunike! Toka humo!"

Msumeno ukasimama.

"Abee, baba," Eunike akaitika nyuma yake.

Eliufoo akageuka. Binti yake alikuwa amesimama kwenye njia ya migombani, mzigo wa majani kichwani, anamshangaa. Hilaria aliziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka.

Eliufoo akapiga magoti ukingoni, akainama mpaka kofia ikamdondokea shimoni. Gunia likafunuka kidogo.

"Baba Eunike," ikasema sauti iliyomwamsha kila asubuhi kwa miaka ishirini na miwili, "umebaki ukuta mmoja. Sogea basi, unaniziba mwanga."