Namba Kumi kwenye Benchi la Akina Mama

"Jamani, tazameni mume!" MaShezi, mama mnene mwenye sauti ya sokoni, aliwatangazia wanawake wote wa benchi. "Wangu hajui hata mlango wa kliniki hii uko upande gani, na huyu kaja kumshikia mkewe foleni!"

Sakhile alitabasamu kidogo, akakaa pale aliposogezewa. Ndevu zake nzuri zilikuwa zimemponza. Hakuna aliyeweza kudhani kwamba foleni ile ilikuwa yake mwenyewe.

Alizaliwa akaitwa binti. Miaka kumi na mmoja sasa ni mwanamume, kwa jina, kwa sauti na kwa kitambulisho. Ovari tu ndizo hazikupata habari. Zilijikalia kimya mpaka mwezi uliopita, ile ya kushoto ilipoota uvimbe mkubwa kama limau. Daktari alimwandikia altrasaundi na kumwonya asichelewe: uvimbe ukijipinda, ni kisu cha dharura.

Tatizo ni kwamba mashine ya kliniki hupima watu kumi kwa siku, na Sakhile alikuwa ameambulia kadi namba kumi na nne. Wanaobaki hupewa tarehe nyingine, na ya karibu kabisa ilikuwa Septemba. Lawama zote alimtupia Nokwazi, mchumba wake. "Foleni haikimbii, mpenzi," Nokwazi alikuwa amemwambia jana usiku. "Wewe kazana na maji tu." Kipimo hicho hutaka kibofu kijae, basi Sakhile alikuwa amekunywa lita nzima na sasa hakuthubutu hata kukohoa.

Ndipo alipomwona aliyekaa upande wa pili wa MaShezi. Alikuwa MaZondi, mama yake Nokwazi.

Sakhile aliinamisha macho haraka. Mkwe mtarajiwa hamkazii macho mama mkwe, hasemi naye ana kwa ana, na benchi moja hawakai. Jumamosi hii washenga wake walikuwa waende kwa MaZondi kuzungumza habari za ng'ombe kumi na mmoja wa mahari, na huyo wa kumi na mmoja ni wa mama mwenyewe, hagawanwi na mtu. Nokwazi alijua kila kitu tangu mwanzo. Mama yake, Sakhile aliamini, hakujua kitu. Na akijua leo, tena hapa, hao washenga hawatafunguliwa hata geti. Alitamani kuondoka. Tumbo la chini likamchoma upande wa kushoto, akabaki.

"Mkeo ana miezi mingapi?" MaShezi aliuliza.

"Mimi... sijaoa bado, Mama."

"Ehee! Kumbe mtoto anawahi kuja kujionea harusi!"

Benchi zima likacheka. MaZondi hakucheka. Alikuwa akitafuna andazi taratibu, mkoba mweusi magotini, macho kwenye bango la kunyonyesha lililobandikwa ukutani. Anadhani nimempa bintiye mimba, Sakhile aliwaza. Ajabu ni kwamba hilo lilikuwa kosa ambalo angelipokea kwa mikono miwili.

"Na wewe mama, hunywi maji?" MaShezi alimgeukia MaZondi. "Tangu saa kumi na moja alfajiri uko hapa na namba yako kumi, chupa hujaigusa. Hawataona kitu!"

"Hayaniingii," alijibu MaZondi, akamkabidhi chupa. "Mpe huyo kijana. Mwambie amalize."

Mkwe hakatai kilichotoka mkononi mwa mama mkwe. Sakhile alikunywa, magoti yameshikana, machozi yakimlengalenga. Alipomaliza, MaZondi akatoa chupa ya pili mkobani.

"Na hii."

"Mama, kijana wa watu atapasuka!"

"Hapasuki. Ana umbo la kuvumilia."

Namba zikaendelea kuitwa. Saba. Nane. Ilipofika tisa, MaShezi alijinyanyua na kuingia ndani, na katikati ya wawili hao pakabaki nafasi tupu ambayo hakuna aliyethubutu kuisogelea. Sakhile aliikunja kadi yake ya kumi na nne mpaka ikawa ndogo kama punje. Aliogopa uvimbe, lakini zaidi alijiogopa mwenyewe: alijua kwamba akitoka pale leo hatarudi, na mficha maradhi kifo humuumbua.

"Namba kumi!" karani aliita. "Wa mwisho kwa leo!"

MaZondi hakuinuka. Aliuweka mkoba wake pale katikati, akailaza kadi yake juu yake, kisha akaanza kuongea nao kwa sauti ya chini, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma.

"Mkoba wangu, hebu mwambie huyo mwenye ndevu ainuke kabla hajalowesha benchi. Mimi nilitolewa ovari zote mbili Nokwazi akiwa darasa la kwanza. Hapa nimekuja kumshikia mkwe wangu foleni tu. Na mwambie, huyo ng'ombe wangu wa Jumamosi nisimwone amekonda."